Kiti cha Bosi

Mtoto wa mdogo wangu tulimwita Bosi. Alikuwa na jina lake la cheti cha kuzaliwa, refu na zuri, lakini tangu alipotimiza mwaka mmoja hakuna aliyelitumia. Hakuweza kukaa wala kutambaa, na shingo yake haikumtii. Lakini macho! Ukimpa uji wa moto mno, alikutazama. Ukimlaza akielekea ukutani, alinung'unika mpaka umgeuze, kisha akakutazama kama anayeuliza umeajiriwa na nani. Baba yake, aliyekuwa dereva wa lori la masafa marefu, ndiye aliyesema siku moja, "Huyu ni bosi. Yeye amelala, sisi wote tunamfanyia kazi." Tukacheka, na jina likaganda.

Daktari alisema ni mtindio wa ubongo. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Mimi ni shangazi yake, na kazi yangu ni ushonaji. Chumba changu cha mbele kinatazama barabara, ndimo cherehani ilimo na meza ya kukatia vitambaa. Nyuma kuna ua, na ng'ambo ya ua kulikuwa na vyumba viwili vya mdogo wangu na mkewe. Nitasema ukweli tangu mwanzo: wifi yangu sikumpenda. Mawifi tuna sifa yetu mbaya, na mimi niliitendea haki. Bosi alipokuwa na miezi kama kumi hivi, nilimkuta mama yake uani akifua, nikamwambia, "Katika ukoo wetu hatujawahi kupata mtoto wa namna hii." Aliendelea kulikamua shati la mdogo wangu hata lilipokuwa halina tone tena, akalikamua bado.

Maneno hayo sijawahi kuyarudisha. Yalitoka, yakaenda.

Kilichotuweka karibu ni shida. Wifi alipata kazi ya usafi katika duka la majokofu na majiko, na mtoto hakuwa na wa kumwachia. Nikakubali kukaa naye asubuhi tu. Asubuhi ikawa mpaka adhuhuri, adhuhuri ikawa mpaka jioni. Nilimtandikia mkeka chini ya meza ya kukatia, akawa analala pale katikati ya vipande vya vitambaa, akicheka kila cherehani ilipokwenda mbio na kununa ilipokatika uzi. Wateja walipoingia, yeye aliona viatu vyao. Kwa miaka minne yule mtoto aliijua dunia kwa miguu na dari. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpenda kabla sijagundua kwamba nampenda.

Siku moja kliniki wakatuambia tumpeleke kwa mtaalamu wa viungo. Jirani yetu muuza mkaa aliposikia akasema, "Mkifika huko, mniletee iliki na mdalasini." Wifi alicheka mpaka akamshika Bosi vibaya, na Bosi akamtazama.

Yule mtaalamu alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa. Alimkunja Bosi na kumkunjua taratibu, akamweka mapajani, akasema, "Mtoto wa kulala siku zote kifua chake hakifunguki. Ndiyo maana chakula kinampalia. Huyu anataka kiti cha kumshika: mgongo, kichwa, nyonga."

"Tutakipata wapi?" wifi akauliza.

"Hapa hatuna. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu kuliko umri wake." Akasimama. "Njooni niwaonyeshe kitu."

Kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na kiti kidogo cha kijani chenye meza mbele. Akasema tukigonge. Tukakigonga. Kililia kama mbao. Mimi nikauliza ni mti gani.

"Maboksi," akasema. "Maboksi na uji wa unga wa ngano."

Wifi akakiinamia. "Maboksi haya haya ninayofagia mimi kila siku?"

"Haya haya. Mama, unafagia viti."

Tulirudi na karatasi yenye michoro. Mtunza stoo wa lile duka akampa wifi maboksi ya majokofu, makubwa na magumu, tukayakunjua uani na kuyafuta vumbi. Kazi yenyewe ukielezwa ni nyepesi. Unakata vipande vya umbo moja. Ndani ya boksi kuna mistari iliyojikunja kama mawimbi. Kipande cha kwanza mistari isimame, cha pili ilale, cha tatu isimame, hivyo hivyo, ili kila kimoja kimzuie mwenzake asipinde. Katikati unapaka gundi ya unga. Ukifikisha tabaka nane au tisa, unalaza juu ya sakafu iliyonyooka, unaweka matofali na ndoo za maji, unasubiri.

Kusubiri ndiko kulikotushinda. Ilikuwa majira ya mvua, na sisi tulikuwa na haraka ya kumwona mtoto amekaa. Tukabandika tabaka zote kwa siku moja, juu kukakauka, tukaunga kiti, tukapaka rangi, tukasifiana. Siku ya tatu mgongo wa kiti ukaanza kuinama upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukafuata harufu. Wifi alichukua kisu akaupasua ule mgongo, na ndani mlikuwa mbichi, mmeota ukungu wa kijani wenye manyoya.

Nilidhani atalia. Alininyooshea kipande akasema, "Karibu mkate, wifi."

Nadhani ni siku hiyo nilipoacha kuwa wifi wa kwenye hadithi.

Cha pili tulikifanya kwa adabu. Tabaka tatu, kukausha. Tatu nyingine, kukausha. Kila ubao tuliugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: ukilia butu bado mbichi, ukilia mlio mkavu umeiva. Mimi nilimpima Bosi kwa utepe wangu wa kupimia nguo, goti hadi kisigino, nyonga hadi kwapa, upana wa mabega, nikaandika kwenye daftari la wateja kama mtu aliyeleta kitambaa chake. Kingo za mbao tulizifunika kwa vipande vyembamba vya karatasi, nikivikunja kama ninavyokunja upindo wa gauni. Mbele tukaweka meza yenye mkato wa kupokea tumbo lake, katikati kigingi cha kuzuia magoti yasibanane, na mikanda ya kitambaa kigumu nikaishona kwa mishono mitatu mitatu. Rangi ilikuwa ya bluu, iliyobaki tulipopaka milango. Juu yake vanishi mara tatu, maana Bosi alikuwa akidondosha mate, na maji ndiyo adui wa maboksi.

Tulimkalisha siku ya Jumamosi alasiri. Wifi alifunga mkanda wa kifua, mimi wa miguu. Kichwa kikapata pa kuegemea. Tukarudi nyuma hatua mbili, tumeinua mikono kama watu wanaosubiri sahani ianguke.

Hakuanguka. Aliutazama mlango. Akaitazama barabara, akamfuata kwa macho mtu aliyepita na baiskeli mpaka akapotea. Kisha akatutazama sisi, uso kwa uso, mama yake kwanza halafu mimi, taratibu sana, kama anayeoanisha sauti alizozijua na watu wenyewe.

Wifi akasema, "Mwanangu, kumbe u mrefu."

Baada ya hapo maisha ya chumba changu yalibadilika. Chakula kikawa hakimpalii. Kikohozi kikapungua. Wateja wakawa wanamwamkia yeye kabla yangu: "Bosi, fundi wako yupo?" Alijifunza kupiga ile meza kwa ngumi ya kulia; akipiga mara moja anataka niendeshe cherehani, akipiga mfululizo amechoka kukaa. Meno yalipomwasha aliinamia pembe ya meza na kuitafuna, mpaka vanishi ikatoka na alama zikabaki, vishimo vidogo vinne juu, vitatu chini. Mimi zilinikera. Nilisema mara nyingi, "Nitazipiga msasa hizi." Mama yake alikuwa akipitisha kidole juu yake anapomlisha.

Wakati wote wa kutengeneza kiti mdogo wangu alikuwa safarini. Lazima niseme na hili: hakuwa baba mbaya, lakini alikuwa amezoea kuingia, kumtupia mtoto jicho pale mkekani, na kwenda kulala. Safari hii alifika mchana, akaniita kutoka mlangoni kama kawaida yake, "Dada, nimefika," akakwama hapo hapo.

"Nani amemkalisha?"

"Maboksi," nikasema.

Bosi akapiga meza mara moja. Mdogo wangu akaruka.

"Anataka nini?"

"Anataka nishone. Na wewe uketi, umemzibia barabara."

Akaketi sakafuni mbele ya kile kiti, funguo za lori bado mkononi. Mtoto akamtazama. Nilianza kushona kipande cha kitambaa kisicho na kazi, ili tu pawe na sauti, kwa sababu mdogo wangu alikuwa analia bila kujificha. Wifi alikuja na maji ya kunywa, akatuona, akarudi nayo jikoni.

"Miaka yote hii nilidhani hanijui," alisema baadaye.

Tulikaa hivyo mwaka mmoja na nusu. Bosi alikua, magoti yakaanza kugusa chini ya meza. Tukachora kikubwa zaidi, tukakata, tukaanza kubandika mbao za kwanza. Zilikuwa chini ya matofali kwenye pembe ya chumba changu baridi ilipoingia na kile kikohozi kikarudi.

Mtaalamu alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba vifua vya watoto hawa ni dhaifu. Kuambiwa ni kitu kimoja. Tulimpeleka hospitali siku ya Jumatatu. Walimwekea hewa, walimpa dawa, walifanya kila walichoweza. Sina wa kumlaumu. Siku ya Alhamisi asubuhi nilitoka kwenda kumletea mama yake nguo safi. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye geti la hospitali. Alinipokea ule mfuko wa nguo, akaukumbatia.

Bosi alikuwa amebakiza wiki saba kutimiza miaka sita.

Msiba ulipoisha na watu wakarudi makwao, wifi alijifungia vyumbani mwake. Hakwenda kazini. Hakuja chumbani kwangu hata mara moja, na mimi nilijua kwa nini: kile kiti kilikuwa pale pale, kimeelekea barabarani. Mimi nilikuwa nacho kutwa nzima. Nilikifunika kwa kitambaa, ikawa vibaya zaidi, kwa sababu kilikuwa na umbo la mtoto aliyefunikwa. Nikakifunua.

Wiki ya tatu akaja mwanamke nisiyemjua, na mtoto mgongoni wa miaka minne hivi.

"Nimeelekezwa na mtaalamu wa viungo," alisema. "Ameniambia hapa mnajua kutengeneza."

Nikamwambia tuna msiba. Akaomba radhi sana, akageuka kuondoka. Alipogeuka nikakiona kichwa cha yule mtoto, kimeanguka nyuma, macho yanatazama juu kwenye dari. Nikamwita.

Tulimkalisha kwenye kiti cha Bosi. Kilimtosha kama kilipimwa juu yake. Mama yake akaziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia, "Njoo kesho kutwa ukichukue. Acha nikisafishe."

Siku hiyo na ya pili yake nilikisafisha kweli kweli. Nilibadilisha mikanda. Nilitafuta msasa nikaipiga ile pembe ya meza mpaka ikawa laini kama kiganja, nikajaza vishimo kwa karatasi na gundi, nikapaka rangi, nikapaka vanishi. Tenda wema uende zako, nilijiambia, na nikajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Kwamba nivuke ua, hatua kumi na tano, nikabishe hodi na kuuliza, halikunijia. Au lilinijia nikalifukuza. Nimejiuliza sana, sijui.

Wifi alikuja siku nne baada ya kiti kuondoka. Alikuwa ameoga, amejifunga kitambaa kichwani, anaonekana kama mtu aliyeamua kuanza tena. Alisimama mlangoni akiangalia pale mahali.

"Wifi, kiti kiko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa haraka, nikimsifia yule mtoto, jinsi kichwa kilivyosimama, jinsi mama yake alivyoshukuru. Alisikiliza yote.

"Na zile alama za meno?"

"Nilizipiga msasa," nikasema. "Nikapaka rangi upya. Kimekuwa kama kipya."

Akashika fremu ya mlango.

"Nimekaa ndani wiki tatu nikijikaza nije niziguse," alisema. "Leo ndiyo nimeweza."

"Wifi, picha zake si tunazo..."

"Picha ninazo. Meno yake yalikuwa pale."

Akaniuliza huyo mtoto anakaa wapi, nikamwelekeza, nikajua anakwenda kukirudisha, na nilijua ana haki. Nikafunga chumba nikamfuata. Alitembea mbele yangu njia nzima, nyuma ya soko, akavuka mfereji, akapita kiwanda cha matofali, na hakugeuka hata nilipojikwaa.

Tuliwakuta wanakula. Mtoto alikuwa kwenye kiti, mlangoni, anaelekea nje, na mama yake amechuchumaa na kijiko. Alipotuona akasimama kwa furaha. "Karibuni, karibuni! Huyu ndiye mwenzako mliyetengeneza naye?"

Nikaitikia kwa kichwa. Wifi alikuwa anamtazama mtoto, na mtoto anamtazama yeye, uji kidevuni. Akapiga magoti. Akapitisha kidole kwenye pembe ya meza, ile pembe, huku na huku, mara kadhaa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Palikuwa laini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehakikisha.

Kisha akaushika mkanda wa kifua.

"Huu umeupitisha juu mno," alimwambia yule mama. "Upite chini ya makwapa, asikabwe. Na mwanzoni asikae zaidi ya saa moja. Akichoka hatasema, ila utamwona macho."

"Asante, dada. Mungu akubariki na wanao."

"Amina," wifi akasema, akainuka.

Tulipofika nyumbani, aliingia chumbani kwangu, akaondoa matofali moja moja, akazichukua zile mbao tatu za kiti kikubwa ambazo hazijaungwa, akavuka nazo ua, akafunga mlango. Alizifanya nini sijui. Sikuziona tena na sikuuliza.

Kuanzia hapo hatukusemezana kwa miezi mitano. Tuliishi ua mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo, yeye upande wake na mimi wangu. Alirudi kazini. Mdogo wangu aliporudi kutoka safari nikamweleza, nikitumaini atanitetea. Alikuwa anasafisha viatu. Akaviweka chini.

"Dada, uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema. "Ulifanya jambo jema. Lakini hukuuliza."

Nilimpelekea wifi chakula mara mbili. Sahani zilirudi zimeoshwa, chakula kimeliwa, bila neno. Nilimwomba radhi kupitia dirisha, mchana kweupe, muuza mkaa akisikia. Akasema kutoka ndani, "Nimekusikia." Basi.

Mwishoni mwa mwaka mdogo wangu alipata kazi kwenye bohari la mji mwingine, ya kusimamia magari badala ya kuyaendesha, wakahama. Siku ya kupakia vitu nilitoka kusaidia, nikashika upande mmoja wa godoro na wifi upande wa pili, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine. Tulipoliweka kwenye gari alijifuta jasho.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani nimeondoka kwa wema."

"Sidhani."

"Haya. Kaa salama."

Mwezi uliopita simu yangu ililia mchana, nikiwa katikati ya sare za shule, mlima wa mashati meupe mezani. Alikuwa yeye. Aliuliza habari za miguu yangu iliyokuwa ikivimba. Akaniambia amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, mdogo wangu ameanza kunenepa. Kisha nikasikia honi za magari ya huko kwao.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua, wifi."

"Nimekupigia kwa sababu huku hakuna anayemjua. Nikisema Bosi wananiuliza ni bosi gani, wa kazini?"

Nikaweka mkasi chini. Nikamkumbusha yule mteja mnene aliyekataa kulipia gauni akidai limembana, na Bosi akamtazama, akamtazama, mpaka yule mama akalichukua gauni lake na kusema, "Jamani, huyu mtoto ananiangalia hivyo kwa nini?" Wifi akacheka, kile kicheko chake cha kukatika pumzi. Akanikumbusha namna Bosi alivyokuwa akinuna uzi ukikatika. Nikamwambia bado unakatika vile vile, na kila ukikatika nageuka kuangalia chini ya meza. Hapo kicheko kikageuka, kwake na kwangu. Mzee aliyekuja kuchukua sare za wajukuu wake alinikuta simu iko sikioni na machozi yanadondokea mashati ya watu, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, asijue aingie au arudi baadaye.